Mgongo Hauna Midomo

Wiki iliyopita baridi ilianza kuuma, nikawasha hita kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Vumbi lililokuwa limelala juu ya chuma miezi yote ya joto likaungua, na harufu yake ikajaa sebuleni. Wengine wakiisikia harufu hiyo hujua tu kwamba majira yamegeuka. Mimi hunirudisha kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya maktaba, Edmonton, kaskazini mwa London, Jumamosi saa nane mchana, taa ya mashine ya sinema ikipata moto na Shangazi Rehema amenishika mkono. Nilizima hita, nikakaa na koti langu. Hii ni baridi ya kwanza tangu tumzike.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba, wa pekee. Alizaliwa Tanga akisikia kama sisi sote. Alipokuwa na miaka sita homa ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka kitandani dunia ilikuwa imenyamaza. Maneno aliyokwisha kuyajua alibaki nayo, akayasema maisha yake yote kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Mengine alijifunza kuyasoma kwenye midomo ya watu, na aliyasoma vizuri kiasi kwamba wageni walikaa naye saa nzima bila kujua kuwa hasikii. Bibi alipofariki, baba akamleta kwetu London, akitumaini madaktari wa huku watapata la kufanya. Walimpima mara mbili, wakasema masikio yamekufa.

Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba huku watu hufumbua midomo kwa Kiingereza. Tanga, shangazi alikuwa na mji mzima wa kuzungumza nao. Edmonton alibaki na watu watatu: kaka yake, wifi yake, na mimi niliyekuwa na miaka minane.

Mimi nilikuwa kama watoto wengine waliozaliwa huku. Nikisemeshwa Kiswahili nilielewa, nikajibu kwa Kiingereza. Kwa shangazi hilo halikuwezekana. Kiingereza changu kwake kilikuwa ni mdomo unaotafuna tu. Basi nikajifunza kumgeukia, kusimama kwenye mwanga, na kusema neno zima zima, polepole. Hadi leo nikienda harusini Ilford wenzangu hunicheka kwamba naongea kama mtu anayemlisha mtoto uji. Hawajui kwamba Kiswahili changu nilikipata kwa mtu ambaye hakukisikia. Yeye aliniita "mama", kwa kuwa nimepewa jina la bibi.

Jumamosi mama alikuwa na shifti kwenye nyumba ya wazee na baba alikuwa ghalani, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa yetu sisi wawili. Tulikuwa tunarudisha vitabu vyangu maktaba aliposimama mbele ya tangazo lililobandikwa mlangoni. Lilikuwa na picha ya mwanamke kijana wa zamani, kope nyeusi, kiganja shavuni. Nilimsomea: sinema za kale, bure, na chai.

"Sinema bubu," nikamwambia. "Watu hawasemi."

"Hakuna anayesema?"

"Hakuna hata mmoja."

Akanishika mkono, tukaenda. Baba baadaye hakufurahia kwamba ukumbi ni wa kanisa, lakini mama alimwambia ni sinema, si ibada, naye akaliacha.

Ukumbini palikuwa na wazee wa Kiingereza wasiozidi ishirini, viti vya kukunja, na shuka jeupe ukutani. Bibi mmoja mwembamba alipiga piano. Shangazi alivua kiatu kimoja akaweka unyayo juu ya mbao, ili muziki umpande mguuni. Kisha taa zikazimwa, na watu wa kijivu wakaanza kupita kwenye shuka, wakifumbua midomo bila sauti. Nilimwona shangazi akiinua kichwa. Ukumbi mzima ulikuwa umekuwa kama yeye.

Walikuwa na sinema chache, na moja waliirudia mara nyingi kuliko zote. Ilikuwa ya msichana anayeuza glavu dukani. Anaishi na kaka yake, hawana wazazi. Kijana mwenye masharubu membamba anaingia kununua glavu, msichana anampima kiganja, na hapo basi, mambo yameisha. Kijana anarudi kila siku kununua glavu asizozihitaji. Wanaahidiana. Halafu siku moja haji. Msichana anasubiri dirishani mpaka majani ya mti wa nje yanaisha yote, anaugua, na anakufa huku kaka yake amepiga magoti pembeni. Maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza katikati ya picha, na kazi yangu ilikuwa kuyasoma upesi na kumgeuzia shangazi Kiswahili kwa midomo, nikiwa nimeukinga uso kwenye mwanga wa shuka. Nilijiona mtu mkubwa.

Jumamosi ya tatu mkanda ulikatika. Taa zikawashwa, wazee wakainuka kufuata chai. Shangazi aligeuka nyuma kutazama mashine, na alipogeuka tena usoni palikuwa na kitu nisichokielewa.

"Yule mtu anasema Kiswahili," akaniambia.

Nilitazama. Mwenye mashine alikuwa Mhindi wa miaka arobaini hivi, nywele za mafuta, masharubu membamba. Alikuwa ameinama anaunga mkanda kwa gundi, akijisemea peke yake. Nikamwambia haiwezekani.

"Nimemwona. Kasema, ngoja kidogo, ngoja kidogo."

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye ile mashine. Mimi nikamfuata. Alisimama mbele ya yule bwana mpaka akainua macho, na kwa ile sauti yake ya bapa ambayo hakuwahi kuitoa mbele ya wageni wa London, akamwambia, "Nimengoja."

Gundi ilimdondoka.

Jina lake lilikuwa Kirit. Alizaliwa Mombasa, baba yake akitengeneza cherehani huko, na alikuja huku akiwa na miaka kumi na saba. Yeye na kaka yake walikuwa na kijiduka cha kutengeneza cherehani Kenton, na Jumamosi alikuja kuendesha mashine ya sinema kwa kupenda tu. Hakuwa ameoa. Alikuwa amemuuguza mama yake miaka mingi, na mama alipokufa alijikuta amezoea ukimya. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani ya kwao. "Mwatoka wapi?" alimuuliza shangazi, na shangazi akacheka kwa sauti, ukumbini, mbele ya watu.

Baada ya siku hiyo hakunihitaji tena kumsomea. Bwana Kirit alikuwa akisimama pale ambapo taa ya mashine humwangaza uso, anamweleza sinema kwa midomo, bila sauti. Watu wote wametazama shuka, na shangazi peke yake, kwenye kiti cha nyuma, amelipa shuka kisogo anamtazama yeye. Nikimvuta mkono kumweleza jambo alinipigapiga goti bila kugeuka. Sasa ni mtu mzima na naweza kulitaja kwa jina lake: ulikuwa wivu. Wakati ule niliona tu kwamba mtu mwenye masharubu membamba amekuja kwa shangazi yangu, na mimi nilijua mtu mwenye masharubu membamba hufanya nini.

Jumamosi moja ya mvua, ile sinema ya glavu ikiwa imefika mwisho, msichana yuko kitandani anakata roho, nikageuka. Bwana Kirit alikuwa ameshika mkono wa shangazi. Shangazi alikuwa analia. Machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta.

Leo najua aliambiwa nini dakika ile. Aliambiwa, "Nataka nije kwa kaka yako." Mimi nilitazama shuka, nikamtazama shangazi, nikatazama shuka tena, nikaunganisha.

Asubuhi yake baba alikuwa anapiga pasi mashati ya kazini. Nilimuuliza kama shangazi atakufa.

"Nani amekwambia hayo?"

Nikamwambia yule mtu wa mashine amemfanya alie, na kwamba atamwacha kama yule kijana alivyomwacha msichana, na shangazi ataugua afe. Baba aliisimamisha pasi. Hakukasirika. Aliniuliza maswali kwa upole, huyo mtu ni nani, anatoka wapi, ni wa dini gani, anamshika, anamshikaje. Nilijibu yote. Kisha nikaongeza moja ambalo halikuwepo. Nilisema shangazi alijaribu kuuvuta mkono wake, na yule bwana akakataa kuuachia.

Sijui kwa nini nililisema. Nimelitafuta jibu miaka mingi. Nadhani nilitaka tu Jumamosi zangu zirudi kama zilivyokuwa.

Baba hakuwa mtu mbaya. Bibi alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwapisha kwamba hatamwachia mtu amchezee Rehema, na baba alikibeba kiapo hicho kama mtu anavyobeba yai. Jioni ile alimwambia shangazi, mbele yangu, kwamba mambo ya ukumbini basi. Shangazi akauliza kwa nini. Baba akasema watu wanasema.

"Watu gani?" shangazi akamjibu. "Mimi siwasikii."

Lakini alikuwa anaishi kwa kaka yake, na alilelewa kutii. Hatukwenda tena. Jumamosi alikaa dirishani juu, na mimi nikakaa naye nikichora. Alifikiri bwana Kirit atakuja. Mimi nilifikiri namwokoa.

Alikuja wiki ya tatu, Jumapili alasiri. Mama alikuwa kazini. Shangazi alikuwa jikoni, nyuma kabisa ya nyumba, anakuna nazi, mgongo ameupa mlango. Kengele ililia. Baba akafungua, nami nikasimama nyuma yake kwenye ujia.

Bwana Kirit alikuwa amevaa suti, mabega yamelowa, mkononi ana boksi la mithai, vitamu vya Kihindi. Alimwamkia baba kwa adabu. Baba naye akamjibu kwa adabu, lakini hakuondoka mlangoni. Walizungumza kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaoelekezana njia. Bwana Kirit alieleza yeye ni nani, ana duka gani, ana ndugu gani. Alisema anajua sisi ni Waislamu na kwamba amelifikiria hilo kwa muda mrefu. Kisha akasema, nami nilisikia kila neno, "Niko tayari kwa lolote mtakaloniambia."

Baba alimshukuru. Akamwambia mwenyewe amekataa.

Bwana Kirit akaomba, kama si taabu, amwone dada amtamkie mwenyewe. Baba akasema si vizuri kumsumbua mgonjwa.

"Yeye si mgonjwa," akasema bwana Kirit. "Hasikii tu."

Hapo akanitazama mimi, kupitia chini ya mkono wa baba. "Binti," akasema, "mwambie shangazi nimekuja."

Kutoka pale nilipokuwa hadi jikoni ni hatua tisa. Nilizihesabu baadaye, mara nyingi. Sikuhitaji kusema chochote wala kuchagua upande. Nilihitaji kwenda kumgusa bega tu. Nilikuwa nasikia mbuzi ikikwangua nazi, kwa mwendo ule ule, kwa mtu ambaye kengele yote ile haikumfikia. Baba aliniwekea kiganja kichwani, kizito, na mimi nikasimama.

Bwana Kirit alisubiri kidogo. Kisha akainamisha kichwa, akageuka, akaenda.

Muda mfupi baadaye shangazi alipanda juu kusali. Aliposhuka alinikuta bado niko ujiani. Aliniuliza nani alikuwa mlangoni. Sikujua alijuaje, na sikufikiria kujiuliza. Baba alikuwa ameingia sebuleni. Nilijigeuza kwenye mwanga wa kioo cha mlango, nikafumbua mdomo vizuri kama alivyonizoeza, nikamwambia, "Mtu wa kusoma mita."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akanishika shavu, akarudi jikoni kumalizia nazi yake.

Tuliambiana machache sana kuhusu mwaka ule. Shangazi hakuugua wala hakufa. Alinipikia, alinisuka, alinisubiri kituo cha basi mpaka nikaona aibu kusubiriwa. Nilipokwenda chuo alihamia nyumba ndogo ya baraza la mji, Ilford, akapata kazi ya kushona mapazia pamoja na wanawake wa Kisomali waliojua Kiswahili kidogo, naye akawasoma midomo hata wao. Alipotakiwa na wengine, na walikuwepo wawili, alikataa kabla baba hajaulizwa. Baba alipopooza ni yeye aliyemuuguza. Siku za mwisho nilimwona baba akimtazama, mdomo umefumbuka kama mwenye neno. Shangazi akasogea karibu amsome. Baba akageuza uso ukutani.

Miaka michache baada ya hapo, nikiwa kwenye treni naenda kazini, niliikuta ile sinema ya glavu kwenye simu. Sikuwa nimeiona tangu utoto. Nilifika pale kijana anapotoweka, yakaja yale maandishi niliyomsomea shangazi. Nilikuwa nikimwambia, "Aliondoka." Maandishi yanasema aliondoshwa. Maneno hayo ya Kiingereza yanatofautiana kidogo sana, na mimi nilikuwa na miaka minane na haraka ya kusoma. Kumbe aliyemwondosha ni kaka, kwa uongo, na ndiyo maana anapiga magoti pale kitandani. Nilikuwa nimeitazama mara sita nikidhani anaomboleza. Alikuwa anaomba msamaha.

Sikwenda kazini. Niliteremka, nikavuka upande wa pili, nikapanda treni ya Ilford.

Shangazi alishangaa kuniona siku ya kazi. Alinipa chai. Nilimwomba akae, nikavuta kiti hadi dirishani ili uso wangu uwe kwenye mwanga, nikamwambia yote. Nilimwambia nilichomwambia baba, na lile moja nililoongeza. Nilimwambia nani alikuwa mlangoni. Maneno mengine nilishindwa kuyatamka vizuri kwa kulia, na yeye akanionyesha kwa mkono nianze tena, kwa sababu hakuyaona.

Nilipomaliza aligeuka akatazama nje dirishani.

"Nilimwona," akasema. "Nilipopanda juu nilimwona barabarani anakwenda zake. Nilimwona mgongo. Mgongo hauna midomo."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ukasema mtu wa mita. Nikajua amekuja kumwambia kaka kwamba hanitaki, na wewe unanihurumia." Aliinamia kikombe chake. "Nilikupenda sana kwa uongo ule."

Alikuwa ameishi na hilo miaka ishirini na tano. Nilimwambia tumtafute. Nilikwenda Kenton mwenyewe. Palipokuwa na duka la cherehani sasa wanauza simu, na mzee wa duka jirani aliwakumbuka ndugu wawili ambao mmoja alikufa na mwingine akahamia Leicester, lakini hakukumbuka yupi ni yupi. Niliuliza kwingine kote nilikoweza. Shangazi hakuniuliza nimefikia wapi. Alichoniuliza, siku ile ile ya kwanza, ni kitu kingine.

"Alisema nini?"

"Alisema, niko tayari kwa lolote mtakaloniambia."

"Rudia."

Nikarudia. Alinishika kidevu akanigeuza zaidi kwenye mwanga, akasema nirudie tena, kama alivyosema yeye, si haraka. Aliyatazama yale maneno yakitoka mdomoni mwangu, moja moja. Kisha akaniachia.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

Nikashusha pumzi.

"Lakini miguu ulikuwa nayo."

Hakuwahi kulisema tena, na sikuwahi kumjibu. Kila nilipomtembelea tulikula, tukacheka watu, akanilalamikia majirani wa ghorofa ya juu ambao walimtikisia taa. Nikiinuka kuondoka alinikalisha dirishani akaniuliza, "Alisema nini?" nami nikamwambia. Sukari ilipoanza kumla macho nilisogea karibu zaidi. Mwaka wake wa mwisho hakuona midomo kabisa, yangu wala ya mtu mwingine, na watu waliacha kumsemesha kwa kuwa hawakujua wamfikie vipi.

Mara ya mwisho alikuwa kitandani, mchana. Nilimshika mkono ajue ni mimi. Hakuuliza kitu. Aliinua vidole vyake akavipapasa hadi usoni kwangu, akaviweka juu ya midomo yangu, akasubiri. Nikayasema yale maneno ya bwana Kirit polepole, neno zima zima, kama alivyonifundisha. Vidole vilitulia mpaka neno la mwisho. Nilidhani ataniambia nirudie, lakini alivishusha taratibu juu ya shuka, akageukia dirishani.